MOTOKAA NA MWENYEWE: Injini Inayotetemeka

Juma hili nataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao huwasumbua sana wenye magari ya zamani, nao ni mtetemo wa injini. Karani aliyenunua motokaa iliyokwisha kutumiwa na watu wawili watatu kabla yake anaujua, na mkulima mwenye pikapu ya kubebea maziwa anaujua vile vile. Usukani hutetemeka, milango hulia, kioo cha kutazamia nyuma hakionyeshi kitu ila ukungu, na mwenye gari hushinda akisikiliza badala ya kuendesha. Tena ni ugonjwa unaokula fedha nyingi. Si kwa kuwa dawa yake ni ghali, bali kwa kuwa watu hununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa wenyewe.

Mtu asidhani ya kuwa gari kuukuu ni kitu cha kuonewa haya. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa hapa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda mashindano ya East African Safari kwa motokaa ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Magari mapya mengi yalibaki njiani katika matope, nayo ile iliyotumika ikafika ya kwanza. Kwa hiyo umri wa gari si hoja kubwa. Hoja ni kama mwenyewe anajua hali ya kila kitu kilichomo chini ya boneti.

Sasa nitawaeleza kisa cha jirani yangu mmoja wa huku Nyeri, ambaye ameniruhusu kukiandika maadamu sitaji jina lake. Ana pikapu ya Datsun 1200 aliyoachiwa na marehemu baba yake, nayo imepita miaka 40. Kila alfajiri hubeba madebe ya maziwa mpaka mahali pa kupokelea, na siku ya soko hubeba viazi na kabichi. Pikapu hiyo ilianza kutetemeka. Ikisimama huku injini ikinguruma polepole, ilitikisika kama mtu mwenye homa ya malaria. Akikanyaga mafuta, ilipata nafuu.

Jirani yangu alipeleka gari kwa fundi wa kwanza, akauziwa plagi mpya nne. Mtetemo ukabaki. Fundi wa pili alisawazisha magurudumu yote manne kwa vipande vya risasi. Mtetemo ukabaki. Fundi wa tatu alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema, “Mzee, injini hii imekufa. Tafuta nyingine.” Bei ya injini nyingine pamoja na kazi ya kuifunga ilikuwa sawa na bei ya ng'ombe wake mmoja wa maziwa, yule mzuri ambaye ndiye anayelipa karo ya watoto wawili. Mnunuzi alikwisha kuja mara moja kumtazama huyo ng'ombe. Jioni hiyo jirani yangu alikuja kwangu akaniambia, “Ndugu yangu, wewe huandika mambo ya magari katika gazeti. Hebu njoo uitazame kabla sijafunga mkataba.”

Nilimwomba anipe siku mbili, na daftari moja ya shule ya kuandikia. Tulikubaliana sharti moja tu: tusinunue kitu chochote mpaka tujue kosa liko wapi, na kila tunalopima tuliandike. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kosa la gari ni vivyo hivyo.

Gari Likisimama au Likienda?

Swali la kwanza ni hili: mtetemo unafuata mwendo wa gari, au unafuata mwendo wa injini? Watu wengi hawaulizi, na hapo ndipo fedha zao zinapoanza kupotea.

Gurudumu dogo kama la Datsun 1200, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka kama mara 13 kwa sekunde. Ikiwa gurudumu halikusawazishwa, au tairi limevimba, usukani utatetemeka kwa mwendo ule, wala hautajali gia uliyotia. Ukitaka kujua, chagua barabara iliyonyoka isiyo na watu, fikisha gari kwenye mwendo unaotetemeka, kisha kanyaga klachi uache injini ingurume polepole. Kama mtetemo unaendelea kama kwanza, injini haina kosa. Tazama magurudumu, au propela shafti na maungio yake. Kama mtetemo unakoma mara moja, basi rudi chini ya boneti.

Pikapu ya jirani yangu ilitetemeka hata ikiwa imesimama uani, mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Gari lililosimama haliwezi kutikiswa na magurudumu yake. Basi fedha alizolipa kwa kusawazisha magurudumu zilikuwa zimetibu mguu wa mtu anayeumwa na jino.

Kutafuta Silinda Iliyolala

Injini ya gari lile ina silinda nne. Ikinguruma polepole, mizunguko kama 700 kwa dakika, kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 350 kwa dakika. Zote nne kwa pamoja hutoa misukumo 1,400 kwa dakika, zaidi ya 23 kwa sekunde, na mwili wa mtu huisikia kama mngurumo mmoja laini. Lakini silinda moja ikilala, pengo hutokea karibu mara 6 kwa sekunde. Huo ni mtikisiko wa polepole na mzito. Weka kiganja juu ya boneti, nawe utausikia. Na ukisimama nyuma ya gari, moshi hutoka kwa vishindo visivyolingana.

Tulipousikia mtikisiko wa namna hiyo, tukaanza kutafuta silinda iliyolala. Tulizima injini, tukachomoa waya wa plagi ya kwanza, tukaufunga vizuri ugusane na chuma cha injini, kisha tukawasha. Injini ilizidi kutetemeka, ikawa karibu kuzimika. Maana yake ni kwamba silinda ile ilikuwa ikifanya kazi, nasi tumeinyima kazi. Tukazima, tukarudisha waya, tukaenda kwa ya pili, na ya tatu. Ilikuwa hivyo hivyo. Tulipoufikia waya wa nne hapakuwa na tofauti hata kidogo. Jirani yangu aliandika katika daftari: “Namba 4 imelala.”

Hapa nawaonya wasomaji. Usichomoe waya wa plagi kwa mkono huku injini ikinguruma, kama wafanyavyo vijana wengine kwa kujionyesha. Umeme wa waya ule ni wa maelfu ya volti, na mtu akishtuka anaweza kutia mkono katika feni. Mikono ya shati ikunjwe, tai ya karani ivuliwe, na kazi yote ifanywe nje penye hewa, kwa maana moshi wa injini ndani ya banda huua bila kuonekana. Na wenye motokaa za siku hizi, ambazo kila plagi ina koili yake na injini huongozwa na kompyuta, wasizijaribu kwa njia hii. Wapeleke kwa fundi mwenye chombo cha kusomea makosa. Chombo hicho mara nyingi hutaja chenyewe silinda iliyolala.

Kubadilishana Vitu Visivyonunuliwa

Silinda huhitaji mambo matatu: cheche kwa wakati wake, mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi chake, na mgandamizo wa kutosha, ambao mafundi huuita kompresheni. Likikosekana moja, silinda hulala. Tulianza na lile lililo rahisi kupima.

Tulitoa plagi ya nne tukaitia mahali pa plagi ya pili, na ya pili tukaitia mahali pa nne. Kama plagi ndiyo yenye kosa, kosa lingehamia namba 2. Halikuhama. Tukabadilisha nyaya vile vile. Kosa likakaa pale pale. Tukafungua kifuniko cha distributa, tukakipangusa, tukatazama kama kina ufa mwembamba wenye weusi wa cheche. Kilikuwa kizima. Kazi hiyo yote haikutugharimu senti moja, nayo ilituonyesha ya kuwa cheche inafika namba 4 kama inavyofika kwa wengine.

Kupima Kompresheni

Sasa tulifika kwenye swali lililomwogopesha jirani yangu. Ikiwa silinda ya nne haina kompresheni, basi yule fundi wa tatu alisema kweli, na ng'ombe lazima auzwe. Asubuhi ya siku ya pili niliazima geji, tukapasha injini moto, tukatoa plagi zote nne, tukatenga umeme wa koili, na mwanawe akakanyaga mafuta mpaka mwisho huku akizungusha stata.

Silinda ya kwanza ilionyesha ratili 140 kwa inchi mraba, ya pili 135, ya tatu 140. Jirani yangu aliposhika kalamu kungoja namba ya nne, niliona mkono wake hautulii. Geji ilipanda ikasimama kwenye 135. Aliuliza, “Hiyo ni mbaya?” Nikamwambia, “Ni sawa na wenzake. Injini yako haijafa.” Alikaa juu ya jiwe akacheka.

Yafaa nieleze namna ya kusoma geji. Huku mlimani, mji wa Nyeri ukiwa karibu mita 1,750 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kwa hiyo geji huonyesha pungufu kuliko kitabu cha kiwanda, hata kama injini ni nzima. Jambo kubwa ni silinda zilingane. Mafundi wengi husema iliyo chini isipungue zaidi ya robo ya ile iliyo juu. Kama moja imepungua sana, mimina kijiko kimoja cha oili katika tundu lake la plagi upime tena. Geji ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, tazama valvu, pengine imeungua au haina nafasi ya kufunga. Na kama silinda mbili zilizo jirani zimepungua kwa pamoja, shuku gasketi ya kichwa cha injini kati yao.

Hewa ya Wizi

Cheche ipo, kompresheni ipo. Lilibaki jambo moja tu, mchanganyiko wa petroli na hewa. Hapo nilikumbuka maneno ya jirani yangu ya siku ya kwanza: ikinguruma polepole hutikisika, ukikanyaga mafuta hupata nafuu. Maneno hayo yalikuwa ushahidi, nasi tulikuwa tumeyaacha.

Injini inaponguruma polepole, mlango wa hewa katika kabureta huwa karibu kufungwa, na pistoni zinavuta kwa nguvu kama mtoto anyonyaye mwanzi ulioziba. Pakiwa na ufa mdogo mahali popote kati ya kabureta na silinda, hewa huingia humo bila kupita kwenye kabureta, wala haibebi petroli. Kwa silinda iliyo karibu na ufa, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya chakula chake. Mchanganyiko huwa mwepesi mno, hauwaki. Ukikanyaga mafuta, mlango hufunguka, hewa halali huingia kwa wingi, na ile ya wizi huwa kidogo isiyodhuru. Ndiyo sababu ya nafuu ile.

Tulitia maji ya sabuni katika chupa ya kunyunyizia, tukawasha injini, tukanyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio ya bomba la kuingizia hewa, tukianzia mbele, tukijihadhari tusilowanishe distributa. Tulipofika kwenye ungio la silinda ya nne, injini ilibadili sauti yake, ikatulia kwa sekunde mbili tatu, kisha ikarudia homa yake. Maji yalikuwa yameziba ufa kwa kitambo. Tukanyunyiza tena, ikatulia tena. Wako watu wanaotumia petroli kwa kazi hii. Nawasihi waache, kwa maana petroli juu ya chuma cha moto imekwisha kuunguza magari na watu.

Tulizima injini, tukaacha ipoe, tukapima nati kwa spana. Mbili za mwisho zilikuwa zimelegea, na gasketi iliyo nyuma yake ilikuwa imekatika kama jani kavu. Jirani yangu alikwenda Nairobi, barabara ya Kirinyaga, akanunua gasketi mpya. Tuliisafisha nyuso zote mbili kwa uangalifu, tukaifunga, tukakaza nati kidogo kidogo kwa zamu, tukianza katikati tukienda pembeni. Tulipowasha, silinda zote nne ziliitika. Tukachomoa waya wa nne kwa jaribio, na safari hii injini ililalamika kama inavyopasa.

Lakini Mtetemo Ulibaki Kidogo

Hapa wengi wangefunga boneti na kwenda zao. Mtikisiko ule mzito ulikuwa umekoma, lakini mtetemo mwembamba ulibaki, milango ikiendelea kulia. Kosa moja likiondoka, lile lililojificha nyuma yake huonekana.

Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja haiwezi kutulia kabisa, hata ikiwa mpya. Pistoni mbili hupanda wakati mbili zinaposhuka, lakini mwendo wao karibu na juu hauwi sawa na mwendo wao karibu na chini, basi hubaki nguvu ndogo inayotikisa injini mara mbili katika kila mzunguko. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alibuni vyuma maalumu vya kuzunguka ili kuituliza nguvu hiyo, na mwaka 1975 kampuni ya Mitsubishi ilianza kutumia fikra hiyo katika injini zake. Lakini injini nyingi ndogo hazina vyuma hivyo. Kinachoumeza mtetemo ni raba zile ambazo injini hukalia. Raba zikifa, mtetemo wa kawaida hupita moja kwa moja katika chasisi, na mwenye gari hudhani injini ni mgonjwa.

Tulizikagua hivi. Mwanawe alikaa kwenye usukani, breki ya mkono imevutwa, naye amekanyaga breki ya mguu kwa nguvu, wala hakuna mtu aliyesimama mbele wala nyuma. Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kidogo tu, halafu gia ya kurudi nyuma vivyo hivyo. Sisi tulitazama kutoka kando. Injini ilinyanyuka upande mmoja kama mtu anayeinuka kitini. Raba ya upande huo ilikuwa imelowa oili kwa miaka mingi, imekuwa laini kama ugali, na imeachana na chuma chake. Ile ya pili ilikuwa imekauka na kupasuka. Tulizibadilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu raba mpya ikifungwa na mwenzake mzee huchoka upesi. Tulitazama pia bomba la moshi, tukakuta linagusa chasisi mahali pamoja; tukalisogeza kwa upana wa kidole.

Jioni ya siku ile gilasi ya maji iliwekwa juu ya bampa huku injini ikinguruma, na maji hayakumwagika. Fedha zote zilizotumika, nauli ya Nairobi ikiwamo, hazikufikia bei ya maziwa ya ng'ombe yule kwa majuma mawili. Mnunuzi aliporudi aliambiwa kwa heshima ya kuwa ng'ombe hauzwi tena.

Mambo ya Kukumbuka

Msomaji mwenye motokaa ya zamani na ayaweke mambo haya moyoni. Kwanza, ujue kama mtetemo unafuata magurudumu au injini. Pili, tafuta silinda ipi imelala kabla ya kutafuta kwa nini imelala. Tatu, badilisha nafasi za vitu ulivyo navyo kabla ya kununua vingine. Nne, usikubali injini ihukumiwe kifo bila kupimwa kompresheni. Mwambie fundi akuonyeshe geji kwa macho yako, nawe uandike namba. Tano, kosa laweza kuwa mawili kwa wakati mmoja, basi ukiondoa moja, sikiliza tena.

Sisemi haya ili kuwadharau mafundi. Mafundi wengi ni waaminifu na hodari. Lakini hata fundi hodari atakisia ikiwa mwenye gari hamwelezi kitu ila “inatetemeka.” Ukimpelekea daftari iliyoandikwa ni wakati gani, kwa mwendo gani, injini ikiwa baridi au moto, na umekwisha kupima nini, umemfupishia kazi, nawe umefupisha hesabu ya kulipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa jirani yangu ulikuwa mwembamba kuliko ukucha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya breki zinazovuta upande mmoja, jambo ambalo wenye kushuka milima yetu wakati wa mvua hawafai kulichelewesha.